Kadi ya Shija

Nyumbani kwangu Kahama kuna bawaba nne za mlango ambazo hazina mlango. Zipo juu ya kabati, kwenye mfuko wake uleule wa dukani, na mke wangu kila akifagia huniuliza, Baba Nyamizi, hivi vyuma ni vya nini. Kwa miaka nilimjibu kwamba iko siku nitatengeneza banda la kuku. Banda lilijengwa, likaoza, likajengwa jingine, bawaba zipo palepale. Mwaka huu nimemwambia ukweli, na sasa nawaambia na ninyi, vijana mnaoanza kushika filimbi, maana ninyi ndio mlionichokoza.

Bawaba zile nilizinunua siku niliyokuwa namkimbia mama mmoja. Mama huyo nilimkimbia miaka kumi na mmoja. Hakuwa ananidai kitu na hakuwahi kunitukana. Nilichokiogopa ni kwamba siku tukisimama uso kwa uso ataniuliza kama mimi ndiye niliyemuua mwanawe, na sikuwa na jibu.

Wengi wenu mnanijua kama yule mzee mgomvi wa kwenye semina. Ni kweli, mimi ni mgomvi. Nagombana na makondakta, nagombana na makocha waliostaafu, nagombana hata na redio. Riziki yangu niliipata kwenye spana, nilikuwa fundi baiskeli, lakini kazi iliyonijulisha kwa watu ni urefa. Miaka ishirini na mbili nimepuliza filimbi kuanzia Shinyanga mpaka Chato, kwenye viwanja vya majani na viwanja vya mbigili, mpaka magoti yaliponiambia basi. Sasa mnanileta kwenye semina, mnanipa kiti na chupa ya maji, nami nawapigia kelele: mtu akianguka peke yake, uso kwanza, kadi baadaye. Mnaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo.

Ila mwaka huu Pendo, yule binti wa Geita anayekimbia kuliko wachezaji wenyewe, alinyoosha mkono akauliza kwa adabu zote, shikamoo mwalimu, hivi wewe umewahi kutoa kadi ukaijutia. Nikamwambia hapana. Nikaongeza na kicheko juu yake. Halafu nikarudi nyumbani, nikakaa nazitazama zile bawaba. Mzee mzima nimemdanganya mtoto wa watu mbele ya darasa.

Lakini subirini, siwezi kuwapeleka huko moja kwa moja. Lazima kwanza niwaambie kuhusu Mzee Kishosha na kuhusu yai.

Mzee Kishosha ndiye aliyenifundisha urefa. Alikuwa mtu wa reli pale Isaka, na alikuwa anakwenda na saa kuliko treni zenyewe. Mambo mengi ninayowafundisha ni yake. Filimbi mbili, moja shingoni, nyingine ndani ya soksi, kwa sababu iko siku moja itajaa vumbi igome dakika ileile ya penalti. Kadi ya njano mfuko wa kifuani, nyekundu mfuko wa nyuma, ili hasira isikutangulie ukatoa usiyoikusudia. Pikipiki iegeshe ikitazama barabara, na ufunguo usimpe mtu. Hilo la pikipiki mnalicheka sasa kwa sababu mnapewa askari wawili na gari. Sisi ulinzi wetu ulikuwa kiki moja ya pikipiki iliyowaka vizuri.

Niliwahi kuchezesha mechi ya wachimbaji, kule machimboni upande wa Geita, magoli yamesimamishwa kwa matimba, yale magogo wanayokingia udongo ndani ya duara, shimo lao la dhahabu. Nafika, nakuta kwenye kona ya kushoto mtu kachimba duara lake, mita mbili kutoka kwenye kibendera, na kamba inashuka shimoni. Nikasema hapa hapachezwi. Makapteni wote wawili wakanishangaa. Wakaniambia refa usijali, tumeshakubaliana, kona zote zinapigwa upande wa kulia. Tukacheza hivyo. Kipindi cha pili mpira ukatumbukia mle shimoni, tukamsubiri mchimbaji aupandishe, na alipoupandisha alikuja nao kifuani kapakaa udongo mpaka kope, akataka kujua ni ngapi ngapi. Nikamwongezea muda kwenye saa yangu. Nani atawafundisha hayo kwenye kitabu cha sheria?

Somo kubwa la Mzee Kishosha lilikuwa hili: tazama miguu, usitazame uso. Alisema uso wa mchezaji ni wa kuigiza, unaweza kulia bila kuguswa, lakini mguu haujui kuigiza. Mtu akianguka, tazama mguu wa aliyemgusa na mguu wa aliyeguswa, amua, usonge mbele. Nililishika somo hilo kama sala ya asubuhi. Miaka kumi na kitu lilinitoa kwenye matatizo, na likanipa jina kwamba Refa Masanja hadanganyiki.

Na yai ndilo lililoharibu zaidi. Ninyi mnaijua kamati ya ufundi, msinifanye mtoto. Kila timu ya huku ina wazee wake wasiofundisha mpira, wanaokuja uwanjani alfajiri na mfuko wa kaki wa dawa za uganga. Kuna timu isiyopita getini, inaruka ua. Kuna kipa ambaye taulo lake haligusi mtu. Siku moja kule Chato, kabla ya mechi, nilikuwa nakagua nyavu, nikaona udongo umefukuliwa karibu na mlingoti. Nikachimba kwa kisigino, nikatoa yai lililofungwa uzi mwekundu. Watu wakarudi nyuma. Nikalitia mfukoni, mechi ikachezwa, na mapumziko nikasahau, nikalikalia. Nikapuliza kipindi cha pili suruali imelowa kiini cha yai, watu wanasubiri nianguke nife. Sikufa. Tangu siku hiyo sifa ikaenea kwamba mbele yangu huwezi kufukia kitu, nitakifukua. Sifa ile ilinipendeza mno, na sitawaficha, nikawa natembea nayo kifua mbele.

Sasa naweza kuwaambia habari za Shija.

Alikuwa kijana wa Ushirombo, umri miaka kumi na tisa, mtoto wa Mama Kulwa. Wasukuma wenzangu mmeshaelewa: Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Alivaa namba saba na alicheza kwa mguu wa kushoto. Refa haruhusiwi kuwa na mchezaji anayempenda, lakini macho hayajui kanuni. Wengine waliukimbilia mpira, yeye aliusubiri. Angesimama kama mtu anayengoja foleni ya dawa, halafu mpira ukifika tu, mabeki wawili wamepitwa na hujaona amepitaje. Habari zake zilikuwa zimefika Mwanza. Klabu moja ya huko ilikuwa imemwita, wiki mbili mbele, akajaribiwe.

Siku ile ya Jumamosi nilichezesha mechi yao pale Ushirombo. Kabla hatujaanza, kapteni wa wageni akanivuta pembeni. Akaniambia, refa, wewe ndiye unayejua mambo haya, mwangalie namba saba, ana kawaida ya kujiangusha kwenye eneo letu la hatari, akiinuka ameshafukia kitu. Nikamwambia niachie mimi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi kuambiwa vile.

Shija akafunga kipindi cha kwanza, goli safi. Wenyeji wakaanza kulala lala kupoteza muda, mmoja msuli, mwingine tumbo, nikawa nishachoka nao. Dakika ya sabini na mbili, mpira uko mbali kabisa, katikati ya uwanja, naona namba saba kashuka chini ndani ya eneo la hatari la wageni. Hakuna mguu karibu yake. Kalala kifudifudi, mikono yote miwili imekamata majani. Wageni wote wakapiga kelele kwa pamoja: anafukia, refa, anafukia.

Nikaenda mbio. Nikapiga goti. Na sikilizeni nilichokifanya, maana hapa ndipo penye somo lote. Sikumgeuza nimwone uso. Nilimfungua vidole. Kimoja kimoja, nikitafuta hirizi. Nikakuta majani na udongo. Nikampapasa soksi, kushoto na kulia. Nikafukua pale alipolala kwa kidole. Hakuna kitu. Basi nikasema moyoni, kama hafukii, anapoteza muda. Nikasimama, nikanyoosha kadi ya njano juu ya kijana aliyelala chini.

Akainuka polepole. Uso wake niliuona wakati huo, ulikuwa kama majivu na midomo mikavu, nao ukanisumbua kidogo, lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba uso unaigiza. Hakubisha. Aliniambia neno moja tu, samahani, akatembea. Kocha wake akaogopa nyekundu, akamtoa palepale. Mechi ikaisha moja bila. Nikakaa kwenye benchi la shule, nikajaza fomu ya ripoti kwa mwandiko mzuri: namba saba, kadi ya njano, alijiangusha ili kupoteza muda.

Jumatatu adhuhuri kijana wa dukani kwangu akaja na simu. Shija amefariki. Alikuwa asubuhi hiyo anafunga nira ya ng'ombe waende kulima, akakaa chini, hakuinuka tena. Walisema moyo.

Nilikuwa na gurudumu mkononi, nikaendelea kulizungusha na halina kasoro yoyote. Siku mbili baadaye nikaenda kwa kiongozi mmoja wa mpira, nikamwomba nirekebishe ripoti. Akaniambia Masanja acha, mtoto ameshazikwa, ukigusa karatasi ile utazua maneno. Nikaacha. Sikwenda hata msibani. Nikawa naomba nisipangwe Ushirombo, na nikipangwa naumwa mgongo. Basi la kwenda Runzewe likipita pale nafumba macho, najifanya nimelala, na sijalala.

Ndiyo maana ya bawaba. Mwaka mmoja, niko stendi ya Kahama, namwona Mama Kulwa anashuka kwenye basi na kikapu. Namjua, alikuwa haachi mechi. Miguu yangu ikaingia yenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akaniuliza nataka nini. Nikaangalia ukutani nikasema hizo. Nikakaa mle ndani karibu nusu saa, nachagua bawaba kama mtu anayejenga ghorofa.

Miaka ikapita hivyo. Niliendelea kupuliza, lakini somo la Mzee Kishosha nililigeuza. Nikaanza kutazama uso kwanza. Nikajifunza kwa mhudumu mmoja wa zahanati namna ya kumlaza mtu, kumsikiliza pumzi, kubonyeza kifua. Wenzangu wakanicheka kwamba Masanja amekuwa nesi. Nikawafundisha na ninyi bila kuwaambia kwa nini. Mpaka Pendo aliponiuliza.

Wiki ile ile ya semina nikapanda basi. Nikagombana na kondakta kuhusu kiti, kama kawaida yangu, lakini baada ya Masumbwe maneno yakaniishia. Nikashuka Ushirombo, nikauliza kwa Mama Kulwa, nikaelekezwa. Mfuko wa shati ulikuwa na kadi ileile ya njano, na kwenye bahasha nilikuwa na fomu tupu ya ripoti. Sijui nilikuwa nafikiria nini, ila sikutaka kwenda mikono mitupu.

Nikamkuta anaanika mihogo uani. Amekonda, lakini bado ana mabega ya kulima. Nikapiga hodi. Akageuka, akaniona, na bakuli likamponyoka. Mihogo ikatapakaa chini. Nikasema moyoni, imekwisha, anipige au aniite muuaji, vyovyote vile nitajibu leo.

Tukasalimiana kama watu wa huku wanavyosalimiana hata siku dunia inapoharibika. Mhola? Mhola duhu. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Na ng'ombe? Wapo. Nikainama nikaanza kumsaidia kuokota mihogo, na nikiwa pale chini, simtazami, nikamwambia yote. Hirizi, vidole, soksi, kadi, ripoti. Nikamwambia mayu, mama yangu, sikumtazama mwanao usoni. Nimekuja uniulize unachotaka kuniuliza.

Akaliweka bakuli pembeni. Halafu akakaa chini kabisa, juu ya mkeka wa mihogo, akaniuliza:

"Kwa hiyo hukuja kuniuliza mimi?"

Sikumwelewa. Akainuka akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa karatasi ya hospitali ya misheni, ya miezi mitatu kabla ya mechi ile. Shija alikuwa ameshaanguka mara mbili nyumbani, mama yake akampeleka. Daktari alimwambia wazi: moyo wa kijana huyu una kuta nene kuliko inavyotakiwa, asikimbie, asicheze, arudi kliniki. Shija alimlilia mama yake. Alimwambia mama, hawa wa Mwanza wakinichukua wana madaktari wao, watanitibu, niache nifike hiyo siku ya majaribio tu, usimwambie mtu. Na mama akamkubalia, akaificha karatasi.

Aliniambia kwamba tangu siku ya mazishi alikuwa anasubiri refa aje. Alifikiri kwamba mimi ndiye niliyemshika, nikaona hali yake, na kwamba siku moja nitakuja kumuuliza mbele ya watu kwa nini alimruhusu mtoto mgonjwa kucheza. Kila akisikia pikipiki alidhani ni mimi. Akaniambia kwamba siku moja pale Kahama aliniona stendi, akakimbilia kwa muuza mchele, akajificha nyuma ya magunia karibu nusu saa, na kwa aibu akanunua kilo tano. Nyumbani kwake mchele ulikuwa umejaa ghala, wa kulima mwenyewe.

Nikamuuliza kama siku hiyo alishuka na kikapu. Akasema ndiyo, kikapu cha rangi ya kijani.

Nikamwambia habari ya bawaba.

Jamani, sijui niwaelezeje. Tulianza kucheka. Wazee wawili, katikati ya mihogo, tunacheka mpaka jirani akachungulia uani. Huku mimi nachagua bawaba, huku yeye anapima mchele, kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke stendi. Miaka kumi na mmoja tumekimbizana hivyo. Kicheko kilipoisha nikahisi kama mtu aliyetua gunia ambalo alishasahau kwamba amelibeba.

Lakini swali langu lilikuwa bado lipo, nikaliuliza. Je, ningemgeuza, ningemtoa mwenyewe, ningeita watu, angepona? Akasema hata yeye alimuuliza daktari swali la namna hiyo, kuhusu ile karatasi aliyoificha. Daktari alimjibu kwamba moyo ule ungeweza kusimama siku yoyote, na kwamba kama angeendelea kukimbia siku ile, huenda ungesimama palepale uwanjani. Akanitazama.

"Kocha alimtoa kwa sababu ya kadi yako," akasema. "Bila hiyo kadi angecheza mpaka mwisho. Mimi nilipata Jumapili."

Akanisimulia Jumapili hiyo. Asubuhi walikwenda misa pamoja. Mchana Mama Kulwa alichinja kuku kwa ajili ya goli. Kulwa na Doto walikuwepo, Shija akawaeleza habari ya kadi. Alisema dunia ilikuwa inamzunguka, akakamata majani asianguke zaidi, mara anaona mtu anamfungua vidole. Na hapo Mama Kulwa akainuka kutoka kwenye mkeka, akanionyesha Shija alivyoniigiza. Akatoa tumbo mbele. Akatembea kwa hatua zangu, goti la kulia limekaza. Akainama, akafukua ardhi kwa kidole kimoja, akakinusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akainuka na kunyoosha kadi ya hewani. Nilijiona kabisa. Mapacha walicheka siku ile mpaka wakaegemea ukuta, alisema, na mwenye kuigiza alicheka kuliko wote.

Mimi nililia. Sitawaficha hilo pia. Nililia kwa sababu kwa miaka yote nilimwona Shija kalala kifudifudi, na sasa nimempata akiwa amesimama, ameshiba kuku, ananicheka.

Msinielewe vibaya, vijana. Sikufanya vizuri. Refa aliyepiga goti karibu na mgonjwa akatafuta hirizi amekosea, na bahati iliyopita hapo haikuwa akili yangu. Kama kesho mtu akianguka mbele yako, Pendo, usimpekue mfukoni. Mgeuze. Mwone macho, msikie pumzi, ita watu wa huduma ya kwanza, na wachezaji wakikupigia kelele kwamba anafukia, waache wapige. Kadi haiozi, itakusubiri.

Kabla sijaondoka Mama Kulwa akakumbuka kitu. Alisema usiku wa Jumapili ile, wakati wa kulala, Shija alikuwa hajafurahia jambo moja. Ile ilikuwa kadi yake ya kwanza maishani, na hakutaka kwenda Mwanza nayo. Alisema atamtafuta yule refa mnene amwombe aifute.

Nikatoa bahasha. Nikaweka fomu juu ya paja, nikaandika mechi, uwanja, timu. Magoli: namba saba, mguu wa kushoto. Kadi: hakuna. Chini, mahali pa maelezo, nikaandika kwamba namba saba hakujiangusha, alikuwa mgonjwa, na mwamuzi alikosea. Nikaweka sahihi yangu. Nilijua fomu ile haina ofisi ya kuipokea. Mama Kulwa akaisoma polepole, kidole kinafuata mstari, halafu akaikunja, akaiweka kwenye kitabu cha nyimbo pamoja na ile ya daktari.

"Kwa hiyo imefutwa?" akauliza.

"Imefutwa, mayu."

"Basi twende tukamwambie."

Kaburi lipo nyuma ya nyumba, pembeni ya zizi, limesakafiwa, na mtu amechora namba saba kwenye saruji kwa kijiti kabla haijakauka. Alinikamata mkono, tukasimama. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula, kwamba Shija, refa amekuja, ile kadi ameifuta, huna kadi. Kisha akarudi kwenye mihogo yake, maana wingu lilikuwa linapanda.

Nikapanda basi la jioni. Nilikaa dirishani nikitaka kuiona Ushirombo vizuri, macho wazi, na niliiona mpaka nyumba ya mwisho. Halafu usingizi ukanichukua. Nililala Masumbwe, nikalala Kahama yote na stendi yake, nikaja kuamshwa na kondakta tuko Tinde, ananiambia mzee umepitiliza. Nikamwambia asante, mwanangu. Nikashuka, nikavuka barabara kungoja basi la kunirudisha, na wala sikugombana naye.